Unga Utapanda Ijumaa

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa uani. Mimi mzima, ni magoti tu yananigombeza nikiinama. Wewe u hali gani? Unakula? Redioni ulisikika kama mtu anayeishi kwa chai ya rangi.

Naam, tulikusikia. Niliwatangazia wapangaji tangu asubuhi kwamba leo mwanangu anasema kwa niaba ya Wizara ya Fedha. Nikatoa redio nje nikaiweka juu ya pipa la maji, tukakaa kama watu walioalikwa. Mwalimu alileta kiti chake mwenyewe. Mama Pacha alikuja na watoto wake, mmoja mgongoni mmoja pajani. Ulipotoa salamu tu nikaruka. Nikawaambia, huyo! Huyo nimemlea mimi tangu kaka yangu alipofariki, mtoto hajui hata kufunga kamba za viatu, lakini domo alikuwa nalo, ndiyo maana tukamwita Chiriku.

Halafu ukaanza kusoma. Walimu wa mkataba hawataongezewa muda. Hospitali zitapunguza watu wa usafi. Wastaafu watasubiri. Ukasema ni hatua chungu lakini hazikwepeki. Baba, wakati unasema hivyo mimi nilikuwa namtazama Mwalimu usoni. Yeye ni wa mkataba. Alinyanyua kiti chake, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango polepole kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala. Heri angeubamiza. Mama Pacha, ambaye unajua anafagia wodi, akaniuliza, "Shangazi, wakisema kupunguza, wanamaanisha nani?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

Basi niambie mimi, kwa lugha ya nyumbani. Hakuna njia nyingine? Na jambo la pili. Nimekupigia simu tena na tena, anapokea mwanamume nisiyemjua, ananiuliza mimi ni nani wako. Nikimwuliza yeye ni nani, anakata. Simu yako iko wapi, mwanangu? Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya. Ameniahidi kukupa mkononi.

Ni mimi,
Shangazi yako


12 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na magoti yako yape pole yangu. Mimi nakula, usiwe na wasiwasi, ingawa chai umepatia.

Simu usipige tena. Simu zetu zote za kazini sasa zinapokelewa na watu wa usalama. Tumeambiwa ni kwa ajili ya kutulinda. Dereva wako mwenye mwanya ni bora kuliko mtambo wowote, tuandikiane hivi hivi.

Umeuliza kama hakuna njia nyingine ila kupunguza. Nakujibu kama ningekujibu nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwako: hakuna. Mwezi uliopita tulipelekwa bandarini. Meli ya ngano ilikuwa imetia nanga, tunaiona kwa macho, na wenyewe hawataki kuteremsha hata gunia mpaka walipwe kwa fedha za kigeni. Nyuma yake ilikuwepo nyingine, ya dawa za hospitali. Nayo imekaa. Hazina haina hizo fedha, Shangazi. Tulikopa kulipa mishahara, kisha tukakopa kulipa riba ya ule mkopo, na sasa waliokuwa wakitukopesha wamefunga mkono. Wanasema punguzeni matumizi kwanza, ndipo tuzungumze. Tusipopunguza sasa, kabla ya mwaka kwisha hakuna mwalimu atakayelipwa, awe wa mkataba au wa kudumu. Mama Pacha atabaki na ufagio wake kwenye wodi isiyo na dawa.

Hayo sikuyakariri. Niliyaona. Siku ile nilisimama pale gatini nikashika ukuta, kwa sababu nilielewa kwamba nchi nzima inaweza kulala na njaa huku chakula kinaonekana kwa macho.

Wako wenzangu wanaosoma taarifa hizi kama mtu anayesoma majina ya wachezaji. Mimi nazisoma nimeogopa, na nahisi ndiyo maana wakanichagua. Hofu ikipita redioni inasikika kama ukweli.

Ombi langu moja. Usiwaambie watu kwamba mimi ni wako. Najua umeshawaambia nusu ya mji. Basi iache ile nusu nyingine.

Mwalimu msalimie. Sijui umwambie nini zaidi ya hapo.

Mwanao,
Chiriku


9 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, maana sisi huku usalama tunauokota kwa kijiko. Pacha mmoja alikuwa na homa, sasa imeshuka. Mimi sijambo.

Kibarua cha Mwalimu kimeota nyasi, kama ulivyosema redioni. Kodi simwulizi. Yeye naye hasemi, ila kila alfajiri nasikia anafagia ua wote, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, na nikitoka ananiambia "Umeamkaje Shangazi" bila kuniangalia. Mama Pacha hawakumwondoa. Waliwaondoa wenzake, kwa hiyo wodi zao anafagia yeye. Akirudi anakaa kizingitini na viatu miguuni mpaka watoto wamvue.

Mimi nilikutetea. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa dukani, watu wanakusema, nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia, kuna meli, wenyewe hawataki kuteremsha mzigo.

Mwenye duka akaniuliza, "Wewe uliiona?"

"Mwanangu aliiona."

"Na mwanao huko aliko, jana amekula nini?"

Watu wakacheka. Si kile kicheko cha utani, unakijua, ni kile cha meno bila macho. Nikatoka, sukari niliyoifuata nikaisahau juu ya meza, na hakuna aliyeniita niirudie.

Wiki hiyo hiyo nikakuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa mkaa: KIOTA CHA CHIRIKU. Nikausugua mpaka kucha zikauma. Kesho yake maandishi yamerudi, safari hii kwa rangi ya mafuta. Mwanangu, nilichoogopa si maandishi. Jina la Chiriku halimo redioni. Huko unatajwa kwa cheo. Hilo jina wanalijua waliokuona unakimbia na kaptula humu mtaani. Kwa hiyo aliyeandika ni mtu anayenisalimia. Sasa kila anayeniambia "habari za leo," namwangalia vidole kama vina rangi.

Tena kuna vijana wanakaa ng'ambo ya barabara, juu ya karavati, wanatazama geti letu. Nikitoka wananyamaza. Nikiingia nasikia wanaanza upya.

Nami nina neno langu. Baba yako alipofariki na mimi nikabana matumizi, nilianza na sahani yangu. Hukulalamika, ingawa ulikuwa mlafi kama panya wa ghalani, kwa sababu sahani yangu uliiona. Sahani zenu hakuna aliyeziona. Na mbona katika maneno yote hayo marefu hujawahi kusema pole? Pole haipunguzi bajeti.

Shangazi yako anayekuombea


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi pacha amepona. Mimi afya ninayo, usingizi ndio umenihama.

Pole niliiandika. Ilikuwa sentensi ya kwanza kabisa. Mshauri wa waziri akaipiga mstari. "Pole ni neno la mwenye kosa," akasema. "Wanaotukopesha wakilisikia watajua tutarudi nyuma, watafunga mlango." Nilibishana naye kidogo. Kidogo mno. Mshahara wangu umekatwa, na wa waziri pia, lakini ukitaja hilo watu wanakuuliza magari je, safari je, na mimi majibu ya maswali hayo nimekatazwa kuyatoa.

Waziri mwenyewe amesafiri kwa matibabu. Alisema ni kwa siku chache. Ofisi yake imefungwa na maua yake yananyauka, nayaona kupitia kioo. Kwa hiyo nimebaki mimi na kipaza sauti. Juzi gari letu lilipigwa mawe njia panda. Dereva wetu, mzee wa watu, alichanika sikio. Mimi niliinama chini ya kiti nikawa nahesabu pumzi zangu kama mtoto. Waliokuwa wakirusha walikuwa wanawake, Shangazi, wenye vikapu vya sokoni mkononi.

Sasa soma hapa polepole. Ijumaa unga utapanda. Serikali inaondoa ruzuku yote kwa mkupuo mmoja, bei itazidi mara mbili, na mimi ndiye nitakayetangaza. Wanaojua ni wachache sana, na sasa umeongezeka wewe. Wakigundua nimekwambia, nafungwa. Usimwambie mtu yeyote, hata Mama Pacha. Si kwa ajili yangu tu. Habari hii ikivuja, wenye uwezo watafagia maduka kabla ya Ijumaa, na wanaonunua kwa kibaba hawatakuta kitu.

Ondoka hapo. Panda basi la rafiki yako mwenye mwanya, nenda kwa binamu yangu kule shambani, kaa mpaka nikuite. Nakupigia magoti. Maji yamezidi unga, na huu si mzaha. Barua hii ichome.

Mwanao,
Chiriku


2 Aprili

Mwanangu,

Mimi niko hai, nianze na hilo, maana najua moyo wako uko juu juu. Mama Pacha na watoto wako hai. Mwalimu yuko hai. Wewe je? Kila redio ikifunguliwa naisogelea mpaka nisikie unakohoa.

Barua niliichoma. Kuondoka sikuondoka. Ningewaambia nini wapangaji? Kwamba mwenye nyumba anakwenda kupunga upepo?

Alhamisi nilikwenda dukani. Mbele yangu alikuwa Mama Pacha. Alinunua kibaba chake kama kawaida, akageuka akaniambia, "Wiki ijayo nikipata nitachukua mfuko mzima, nipumzike na hizi safari." Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilijua, mwanangu. Nilisimama nyuma ya mwanamke ninayekula naye sahani moja, nikamwacha aende zake na kibaba. Mimi mwenyewe sikununua hata chembe, nikajiona mwema kwa hilo. Wema gani? Njiani nilitaka kumwita, nikaogopa kwa ajili yako, kisha nikaogopa kwa ajili ya wale wa vibaba, mwisho nikawa naogopa tu, sijui tena kwa ajili ya nani.

Ijumaa ukatangaza. Sauti ilikukatika palepale kwenye bei. Wengine nadhani hawakugundua. Baada ya hapo nikasikia mabati ya duka yanapigwa, kisha watu wanakimbia, na jua lilikuwa bado juu walipofika getini.

Walikuwa wengi. Sauti nyingi kiasi kwamba haikuwa tena sauti ya watu. Mama Pacha na mimi tuliburuta kabati tukaliegemeza mlangoni. Watoto tukawasukuma chini ya kitanda. Mmoja akawa anacheka, akidhani ni mchezo wa kujificha. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Nilijishika kwenye ncha ya kitanda. Nilikojoa, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe.

"Mtoeni mama wa Chiriku!"

Mwalimu alikuwa nje. Sikujua kwamba yuko nje. Nikamsikia anasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Hapa hakuna mama wa Chiriku. Yupo shangazi yake, nipo mimi, na yupo mama mwenye watoto wawili wadogo. Mkiwasha moto mnatuchoma sisi."

"Wewe si ndiye waliyekufukuza kazi? Unamtetea?"

"Simtetei. Nalinda mahali ninapolala."

Pakatulia kidogo, nikafikiri yamekwisha. Ndipo jiwe likaja. Nililisikia. Halikutoa mlio wa kioo wala wa bati. Mama Pacha akaniangalia na wote tukajua limempiga mtu.

Damu iliwatawanya wengine. Waliobaki walivunja madirisha yote ya mbele, wakang'oa geti wakaondoka nalo, sijui la nini. Aliyemnyanyua Mwalimu ni mmoja wao hao hao, kijana aliyefundishwa naye hesabu. Alikuwa analia, "Sikurusha mimi, Mwalimu, sikurusha mimi." Tukampeleka hospitali, kwenye wodi ile ile anayofagia Mama Pacha. Pamba tulinunua wenyewe. Daktari akasema jicho la kushoto halitaona tena.

Tangu siku ile nalala na viatu. Mama Pacha nimemwambia kwamba nilijua. Akasema, "Ningejua mimi, ningemwambia dada yangu, naye angemwambia wake." Hakusema amenisamehe. Lakini jioni aliniletea mtoto nimshike apate kufua.

Sikulaumu kwa meli. Naamini meli ipo. Lakini njoo, mwanangu. Redio haina uso. Mtu akiitupia jiwe, linampata aliye karibu nayo.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Mwambie Mwalimu nimepokea habari za jicho lake. Zaidi ya hapo sina neno linalofaa kupita kwenye karatasi.

Niliomba ruhusa ya kuja. Nimekataliwa, tena kwa maandishi, kwa maneno ambayo sikuyapenda. Nitakuja hivyo hivyo Jumamosi, kwa basi, bila gari na bila mlinzi. Waambie watu wa mtaa, wanaotaka kuniuliza waje uani.

Siji kusema kupunguza ni kosa. Bado naamini hatukuwa na pa kukimbilia. Nakuja kusema ninayoyajua, yote. Nimeogopa sana, Shangazi. Usinicheke ukiniona.

Mwanao,
Chiriku


27 Aprili

Mwanangu Chiriku,

U hali gani? Uko wapi? Hii ni barua ya tatu tangu uondoke na bado sijapata hata mstari. Sisi tu wazima. Madirisha nimeyaziba kwa maboksi.

Mtaani kila mtu anasimulia ile Jumamosi kivyake. Wengine wanasema ulilia, wengine wanasema ulitukana serikali. Nataka uijue niliyoiona mimi, maana nilikuwa nyuma yako nimeshika mwiko, sijui nilifikiri nitampiga nani.

Ulisimama kwenye ngazi ya mbele. Ua ulijaa mpaka barabarani, wengine juu ya ukuta. Wale wa karavatini walikuwepo. Shati lako lilikuwa limekugandama mgongoni kwa jasho. Ukasema, "Poleni." Hakuna aliyeitika, lakini hakuna aliyezomea, na mimi nikaona hicho ni kitu. Kisha ukaeleza habari za meli, na za mkopo wa kulipa mkopo, polepole, bila karatasi. Mwenye duka akakupigia kelele kwamba unatuona wajinga. Ukamwambia, "Kaka, ningekuona mjinga nisingekuja." Mtu mmoja akacheka vizuri.

Ndipo Mwalimu akasimama, na bandeji yake. Watu wakampisha bila kuambiwa. Akasema, "Nimekuelewa. Shimo lipo, na lazima tupunguze. Mimi nauliza kitu kimoja. Ilikuwa lazima lizibwe kwa unga?"

Nilidhani utaanguka. Nikasogea nikudake.

"Hapana," ukasema. "Kulikuwa na msamaha wa kodi wa matajiri wakubwa. Kulikuwa na magari yetu na safari zetu. Hivyo vingetosha kubakiza nusu ya ruzuku. Vililetwa mezani, nilikuwepo. Tukachagua unga, kwa sababu anayeishi kwa unga hakuwemo kwenye kile chumba. Kupunguza bado nasema ni lazima. Ila tulianza kwa asiyeweza kupiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti nikanyamaza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye duka alivua kofia akawa anaipindapinda. Mwalimu akatikisa kichwa, akakaa. Na pale lilipokuwa geti letu nikawaona watu wawili, si wa mtaa huu, viatu vyao havina hata vumbi. Kila mtu uani alikuwa ama na hasira ama na majonzi. Hao wawili hawakuwa na kitu chochote usoni. Mmoja alikuwa amenyanyua simu anakurekodi. Hapo nikataka kukuvuta uingie ndani kama ulipokuwa mdogo mvua ikija.

Dereva mwenye mwanya anasema ulipoteremka stendi kulikuwa na gari linakusubiri. Anasema uliingia mwenyewe, hukuvutwa. Anasema hivyo ili nilale, namjua.

Redioni sasa kuna mwanamke mwenye sauti tamu. Alisema aliyekuwa msemaji amepangiwa majukumu mengine. Alisema pia serikali imesikia kilio cha wananchi na nusu ya ruzuku ya unga imerudishwa, na misamaha ya kodi inapitiwa upya. Meli ya ngano imeteremsha mzigo. Mkate umeonekana dukani, mwembamba, lakini mkate. Watu wanasema ni kwa sababu yako. Wanakuja kuniambia hapa mlangoni, wananishika mikono, na mwenye duka ameniletea sukari. Mimi nawaitikia asante, na moyoni nasema nirudishieni mwanangu.

Gari likipunguza mwendo hapa nje, uani sote tunaacha tunachofanya.

Niandikie hata neno moja.

Shangazi yako


15 Mei

Mwanangu,

Salamu. Sijui utasoma hii mchana au gizani. Barua zangu zote zimerudi. Dereva alirudishiwa pale wizarani, hazijafunguliwa, wakamwambia hapo hakuna mtu wa namna hiyo. Basi nikafunga mzigo nikaja. Mwalimu na Mama Pacha wamenileta mpaka ndani ya basi, wakasimama dirishani kama wanamsindikiza mtu asiyerudi, nikawakemea.

Nimeuliza kila mahali mtu anapoweza kuuliza. Nimekaa kwenye mabenchi mpaka nimejua lipi linayumba. Polisi wakasema hawana wewe, wizara ikasema haina wewe. Mwisho mke wa yule dereva aliyechanika sikio akaninong'oneza habari za jengo moja lisilo na kibao, lenye ukuta wa kijivu, nyuma ya karakana ya magari ya serikali. Nikaenda. Nilipoliona nilitaka kugeuka. Nilizunguka ule mtaa, nikanunua maji nisiyokuwa na kiu nayo, nikazunguka tena. Kisha nikagonga.

Akafungua askari, kijana mdogo. Nikamwambia nimemletea mwanangu nguo. Nikataja jina lako la kwenye cheti na la cheo, nikaongeza na Chiriku, ili asikosee.

"Hakuna mtu huyo hapa, mama."

"Sawa," nikasema. "Basi mpe hili shati."

Akaniangalia. Nadhani alitaka kunifukuza. Nikawa nimemnyooshea tu. Akalichukua. Akafunga mlango.

Nilikaa ukingoni mwa barabara. Nilikaa hata kivuli cha ukuta kikanifikia. Nikawaza atakuwa amelivaa yeye mwenyewe, nikawaza amelitupa, nikawaza mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika. Kisha kidirisha cha mlango kikafunguka, ukatokea mkono, ukanipa kitu kimesokotwa.

Ni lile shati lako la Jumamosi.

Nimelikagua mwanangu, mbele na nyuma, kila mshono, kama mtu anayetafuta chawa. Nimelileta mwangani. Kola ni nyeusi kwa uchafu. Kwapani jasho limekauka chumvi. Damu sikuiona. Nikaligeuza nikatafuta tena, na damu sikuiona. Ndipo nikaliweka usoni nikalinusa, hapa nyumba ya wageni, mlango nimeufunga, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Linanuka vibaya. Linanuka wewe.

Nimelifua. Liko kwenye kamba, linakauka. Kesho nalipeleka, na karatasi hii nitaikunja ndogo niiweke mfukoni kwa ndani. Wakiiona, waisome, sijaandika siri. Nimeandika kwamba nipo hapa nje na siendi popote, ijapokuwa nimeogopa hata kuvuka barabara. Kila siku nitaleta safi, wao watanipa chafu, na watazidi kuniambia hupo.

Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Lichafue vizuri, baba. Nataka kazi.

Shangazi yako